Wakili wa jeshi halafu siasa, njia ya Lindsey Graham inawezekana huku kwetu?

Kijana wa Mabibo

Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu kamaliza sheria Mlimani, yupo anasubiri Law School, sasa kaja na wazo jipya anataka aingie JWTZ kama mwanasheria, apige miaka kadhaa apande vyeo halafu agombee ubunge. Nikamuuliza wazo hili umelitoa wapi, akanitajia yule seneta wa Marekani Lindsey Graham. Anasema jamaa alianza kama wakili wa jeshi la anga akaenda akaenda mpaka Seneti, na eti kuna kipindi alikuwa anavaa gwanda na kuwa seneta kwa wakati mmoja. Mimi Graham namjua kwa kuongea kwenye TV tu, kila siku tupige huyu tupige yule, nikajua huko nyuma alikuwa komando. Kumbe mtu wa mafaili?

Sasa naomba mnisaidie, hii stori ni kweli au dogo kaokota TikTok, na kama ni kweli, ni huo uwakili wa jeshi uliomfikisha au ni mambo ya chama na hela kama kawaida? Mzee nyumbani keshavimba, anasema hajasomesha mtoto miaka yote hiyo akapige kwata, kwahiyo nikikaa nao nataka niwe na hoja.

Bwana Kifungu

Mkuu stori ni ya kweli ila dogo karuka sehemu tamu.

Graham kazaliwa 1955 kwenye kimji kinaitwa Central, jimbo la South Carolina. Wazazi wake walikuwa na mgahawa wenye baa na meza za pool, na familia ililala chumba cha nyuma ya hiyo baa. Yuko chuo mama akafariki, haikupita miaka miwili baba naye akaondoka, akabaki na mdogo wake wa kike wa miaka 13. Alipoingia jeshini akamchukua yule binti kisheria kama mwanae ili aingie kwenye mafao ya jeshi. Sasa mwambie mzee wako hapo, jeshini huyu alipata mshahara na bima, na alikuwa na mdogo wa kulea.

Sheria kamaliza 1981, mwaka uliofuata kaingia jeshi la anga. Mawakili wa jeshi kule wanaitwa JAG, na kazi yao haifanani na ya wakili wa mtaani kwa sababu unapangiwa upande, leo unamtetea askari kwenye mahakama ya kijeshi, ukihamishwa unakuwa mwendesha mashtaka, baadaye unakaa na kamanda unamwambia hiki unaweza kupiga hiki huwezi. Ukiwa na miaka 28 unasimamia kesi nzima wakati wenzako wa mtaani bado wanabeba mikoba ya mabosi.

Kilichomtoa ni kesi ya 1984. Alikuwa anamtetea rubani aliyetuhumiwa kuvuta bangi, ushahidi ukiwa vipimo vya mkojo. Graham hakuhangaika na rubani alikuwa wapi na nani, akaishambulia maabara yenyewe, sampuli zinashikwaje, vipimo vinaaminikaje. Rubani akaachiwa na utaratibu mzima wa jeshi la anga wa kupima madawa ukaonekana una matobo, mpaka kipindi kikubwa cha uchunguzi cha televisheni ya CBS kikalibeba hilo suala na yeye akatokea kwenye TV. Na aliyeaibika ni jeshi lilelile linalomlipa! Halafu badala ya kumtupa porini wakamfanya mwendesha mashtaka mkuu wa jeshi la anga kwa Ulaya, akakaa Ujerumani kambi ya Rhein-Main karibu na Frankfurt mpaka 1988.

Karudi kwao, kafungua ofisi ya uwakili, 1992 kachaguliwa bunge la jimbo, 1994 kaenda Baraza la Wawakilishi kule Washington kwenye kiti ambacho chama chake cha Republican hawakuwahi kukishika tangu 1877. Mwaka ule Republican walikomba viti nchi nzima kwahiyo upepo ulikuwepo, hilo nalo mwambie dogo. Kesi ya kumng'oa Rais Clinton 1999 alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliokwenda Seneti kama waendesha mashtaka. Ila kabla ya hapo kwenye kamati, katika mashtaka manne, moja alilipigia kura ya hapana, Republican pekee kufanya hivyo, wenzake wote walisema ndiyo kwa yote. Mimi pale naona yule wakili wa utetezi wa 1984 alikuwa bado hajafa. 2002 akashinda useneta, akachukua kiti cha Strom Thurmond, mzee aliyeondoka bungeni ana miaka 100 na ambaye naye alikuwa meja jenerali wa jeshi la akiba.

Mzee wa Kwata

Kifungu unampamba sana bwana. Tueleze na upande wa pili.

Huyu mtu alipotoka kazi ya kudumu hakuacha gwanda, alihamia National Guard, yaani askari wa akiba wa jimbo lake, halafu baadaye jeshi la akiba la anga. Jeshi la akiba la kwao jamani, msifikirie hawa mgambo wetu wanaokimbizana na mama lishe. Vita ya Ghuba ilipopigwa 1991 yeye alibaki kambini palepale South Carolina kuwaandalia askari mambo ya kisheria wanaokwenda, wosia na nini, kazi halali kabisa. Shida ikaja 1998 ilipoonekana kwenye maelezo yake anajitaja kama mkongwe wa Desert Storm, ndiyo hiyo vita ya Ghuba. Hakukanyaga jangwa lolote. Waandishi wakamvaa.

Halafu 2015 wakati anagombea urais gazeti la Washington Post likafukua rekodi zake likaonyesha jamaa alikuwa anapanda vyeo mpaka kanali huku muda aliofanya kazi za jeshi kwa miaka kadhaa ukiwa mdogo wa kuchekesha. Naelewa baadaye alikwenda Iraq na Afghanistan mara kadhaa kwa vipindi vifupi akifanya mambo ya wafungwa na sheria, hilo simnyimi. Lakini mniambie, kanali gani wa kawaida anapandishwa hivyo? Bosi wa jeshi anayesaini cheo chako ndiye huyohuyo kesho anakuja kwenye kamati yako ya ulinzi kuomba bajeti. Nani atamwambia seneta wewe hukuhudhuria mafunzo?

Mimi nimekaa kambini, najua mambo ya cheo yanavyouma. Kuna mtu analala porini miaka anasubiri nyota moja.

Dada wa Kigamboni

Mzee wa Kwata nakusikia shikamoo, ila mbona hata kwa wengine ipo? Ron DeSantis gavana wa Florida alikuwa wakili wa jeshi la majini, 2006 alikuwa Guantanamo, lile gereza la jeshi la Marekani kule Cuba, 2007 akapelekwa Iraq kuwashauri makomando wa majini kisheria kule Fallujah, 2012 akachaguliwa Kongresi, bunge lao, Januari 2019 akaapishwa ugavana. Na yule mtoto wa Biden marehemu Beau, alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Delaware, amechaguliwa kabisa na wananchi, halafu kikosi chake cha National Guard kikaitwa Iraq mwishoni mwa 2008 akaenda karibu mwaka mzima akiwa bado na cheo chake nyumbani. Wamarekani wanapenda mgombea mwenye picha ya gwanda, ukiwa wakili wa jeshi unapata picha ya gwanda na shahada ya sheria kwa bei moja 😀

Ila swali langu, hii ya kuwa seneta na mwanajeshi kwa pamoja katiba yao inaruhusu? Mbona huwa wanatuhubiria mgawanyo wa madaraka.

Bwana Kifungu

@Dada wa Kigamboni umegonga penyewe, hii ndio sehemu tamu niliyosema dogo kairuka.

Katiba ya Marekani Ibara ya kwanza sehemu ya 6 inasema mtu mwenye ofisi chini ya serikali hawezi kuwa mbunge wakati bado anashikilia ile ofisi. Sasa ofisa wa jeshi la akiba ana ofisi au hana? Miaka ya 70 mwanzoni wakati wa Vietnam kulikuwa na wabunge zaidi ya 100 wenye vyeo vya akiba, kikundi cha wanajeshi wa akiba waliokuwa wanapinga vita wakaenda mahakamani kusema hii haikubaliki. 1974 Mahakama Kuu ya nchi ikawatupa nje bila hata kujibu swali. Sababu ni kwamba hawakuonyesha wameumizwa vipi wao binafsi, malalamiko yao yalikuwa ya kila raia. Kwahiyo mlango ukafungwa na wabunge wakaendelea na magwanda yao kwa raha.

Inakuja 2003. Graham ni seneta tayari, anateuliwa kuwa jaji kwenye mahakama ya rufaa za jinai ya jeshi la anga. Jaji kabisa. Asubuhi anapiga kura kupitisha sheria na bajeti ya jeshi, mchana anakaa kwenye jopo la kuamua rufaa ya askari aliyehukumiwa kwa sheria hizohizo. Askari mmoja wa cheo cha chini rufaa yake ikasikilizwa na jopo lenye Graham, akakataliwa, wakili wake akasema subiri kidogo. Kesi inaitwa United States v. Lane. Ikapanda mpaka mahakama ya juu ya rufaa za jeshi, ile yenye majaji watano raia, na Septemba 2006 wakasema hapana, mbunge hawezi kuwa jaji wa rufaa wa jeshi. Uamuzi wa lile jopo ukafutwa, rufaa ikarudishwa isikilizwe upya bila yeye.

Ona ujanja wa sheria ulivyo. Kikundi kizima kilishindwa 1974 kwa kukosa mtu aliyeumia, halafu askari wa kawaida kabisa akaweza kwa sababu yeye alikuwa na hukumu shingoni. Na mahakama haikusema Graham asiwe kanali, ilisema asiwe jaji. Kwahiyo akatolewa kwenye ujaji akabaki na gwanda mpaka 2015 alipostaafu jeshi akiwa na miaka 33 ya utumishi ukijumlisha yote.

Wakili wa Nyali

Nimefika kama nimechelewa lakini wacha niseme jambo, mimi ni advoketi huku Mombasa na haya mambo ya Guantanamo yalitufikia mlangoni.

Mkitaka kumjua Graham kama mwanasheria angalieni 2005 na 2006 wala si vyeo vyake. Julai 2005 alichukua memo zilizokuwa za siri walizoandika wakuu wa mawakili wa jeshi mwaka 2003, wakiwaonya wakubwa wa Pentagon, wizara yao ya ulinzi, kwamba mbinu za kuhoji wafungwa zinazopendekezwa zitavunja sheria na zitawaponza askari wao wenyewe, akaziingiza kwenye kumbukumbu rasmi za Kongresi dunia nzima izisome. Ile ilikuwa kazi safi sana. Mawakili wa jeshi walikuwa wamepuuzwa na wanasiasa wa wizara, na huyu alikuwa mmoja wao, akajua thamani ya ile karatasi. Mwaka huohuo akasimama na seneta mwenzake McCain kupiga marufuku utesaji.

Lakini boss, sheria ileile ya Desemba 2005 ina kipande alichokisukuma yeye mwenyewe kinachowafungia wafungwa wa Guantanamo mlango wa kwenda mahakamani kuuliza kwa nini nimeshikwa. Yaani kwa mkono mmoja usimtese, kwa mkono wa pili asipate jaji wa kumwambia kama ameteswa au hajateswa. Juni 2006 Mahakama Kuu ikasema kwenye kesi ya Hamdan, mfungwa mmoja wa Guantanamo, kwamba zile tume za kijeshi alizounda Rais Bush kuwahukumu wafungwa ni haramu. Kongresi ikatunga sheria nyingine, Graham akiwa mstari wa mbele, na 2008 mahakama ikasema tena, kesi ya mfungwa mwingine Boumediene, kura 5 kwa 4, hao wafungwa wana haki ya kufika kwa jaji.

Huku kwetu kuna Mkenya alikamatwa hapa Mombasa 2007 akapelekwa kule Guantanamo, akarudishwa Desemba 2024 bila kushtakiwa hata siku moja. Hesabuni wenyewe miaka. Kwahiyo nikisikia seneta fulani ni mtaalamu wa sheria za vita, mimi huuliza ni mtaalamu kwa faida ya nani.

Mtoto wa Temeke

Na sisi huku tuna wa kwetu, Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, kesi ya bomu la ubalozi 1998. Dar walikufa 11 na Nairobi zaidi ya 200 na walio wengi walikuwa watu wetu waliokuwa kwenye mishemishe zao. Huyo alitolewa Guantanamo 2009 akapelekwa mahakama ya kawaida New York, ndio mfungwa pekee wa kule aliyepitia hiyo njia. Jaji akamkataa shahidi muhimu, Mtanzania mwenzetu, kwa sababu jina lake lilipatikana Ghailani alipobanwa na CIA. Novemba 2010 akakutwa na hatia kwenye shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280. Waliokuwa wanapinga kesi za ugaidi kwenda mahakama za kiraia wakashangilia, si mnaona. Graham ni wa kundi hilo, 2009 alipeleka pendekezo Seneti kuzuia hela za kuwashtaki watu wa 9/11 kwenye mahakama za kawaida likashindwa kwa kura 54 kwa 45.

Sasa lile shtaka moja lilimpa Ghailani kifungo cha maisha. Mimi sioni mahakama ya kawaida ilishindwa wapi. Za kijeshi kule Guantanamo kesi ya 9/11 inazunguka tangu 2008 walipofunguliwa mashtaka mara ya kwanza.

Kijana wa Mabibo

Dah aisee wakuu mmenifungua, nilikuja na mdogo wangu nimekuta Guantanamo. Nimemsomea dogo hizi posti amekaa kimya kwanza halafu anauliza mambo mawili. Kwa Tanzania anaweza kukaa jeshini na chama kwa pamoja kama Graham? Na huyo wakili aliyeshinda kesi ya Hamdan naye alikuwa nani, raia au mwanajeshi?

Mzee wa Kwata

La kwanza hilo nijibu mimi. Haiwezekani kijana. Katiba yetu ibara ya 147 imesema wazi, mwanajeshi marufuku kujiunga na chama chochote cha siasa, haki yake ni kupiga kura basi. Na hapo wameweka mpaka polisi, magereza na JKT. Kwetu bila chama hupati hata udiwani maana mgombea binafsi hakuna, kwahiyo kwa dogo maana yake ni gwanda linavuliwa kwanza ndipo kadi inakatwa, hakuna kuchanganya.

Zamani enzi za chama kimoja ilikuwa tofauti. Mzee Kikwete alikuwa ofisa wa jeshi na yuko kwenye chama na serikali, mpaka waziri alikuwa. Vyama vingi vilipoingia 1992 ikabidi uchague, yeye akastaafu jeshi akiwa luteni kanali akabaki na siasa, mengine mnayajua. Si mwanasheria yule, alisoma uchumi, ila mlango ni ule. Uganda ndio wana kitu chao, jeshi lina viti 10 kabisa bungeni, sasa huko wakili wa jeshi anaweza kuingia bungeni bila kuomba kura kwa mwananchi. Hiyo kwangu mimi hapana.

Mwambie na mzee wenu kwata haijawahi kumharibu msomi. Ila kama dogo anaingia akiwaza ubunge tayari, kuruta watamjua wiki ya kwanza tu 😂

Wakili wa Nyali

La pili: mwanajeshi. Charles Swift, wakili wa jeshi la majini, luteni kamanda. Alipangiwa kumtetea Salim Hamdan, Myemeni aliyekuwa dereva wa Osama, na alivyoelezwa mwanzoni kazi yake ilikuwa kufanikisha mteja akiri makosa. Akakataa kazi ya kukiri, yeye na wenzake raia wakamshtaki waziri wa ulinzi, ndiyo maana kesi inaitwa Hamdan dhidi ya Rumsfeld. Akashinda Juni 2006. Kama wiki mbili baadaye akapata habari kwamba hakupandishwa cheo, na kwa utaratibu wa jeshi lao usipopanda unatoka. 2007 akawa nje, akaenda kufundisha chuo cha sheria Emory kule Atlanta na kuendelea kutetea watu.

Bwana Kifungu

Na usisahau Wakili, Graham wa 1984 naye aliliaibisha jeshi kortini akapewa Ulaya. Swift aliiaibisha Ikulu. Dogo achague mapema atakayemuaibisha.

Mzee wa Kwata

Hapo Kifungu umeniua 😂 ila na wakubwa wa juu hawako salama, Februari 2025 waziri wa ulinzi Hegseth kaingia Pentagon tu akawaondoa wakuu wa mawakili wa jeshi, nyota tatu mabegani na nyumbani wakaenda.

Kijana wa Mabibo

Dogo anasema anaomba namba ya mtu yeyote aliyepitia kurugenzi ya sheria JWTZ amuulize mambo ya usaili na kama Law School lazima amalize kwanza. Mwenye connection aje PM tafadhali, mzee nitamalizana naye mwenyewe Jumapili.